Sukari Isiyo ya Chai

Matungu,
7 Julai 2024

Mwanangu Gentrix,

Sote wa hapa tunakusalimu. Sijui kama huko Uholanzi sasa ni baridi au joto. Hapa ni baridi, na mvua ya mwaka huu haijui kupumzika. Barabara ya Mumias imekuwa tope, trekta za miwa zinakwama hadi madereva wanalala humo humo. Miwa yangu ya upande wa mto imekomaa zamani na bado inangoja kukatwa. Mama yako mdogo Sellah anasumbuliwa na goti. Mwanetu Bravin anakata miwa ya watu huko Koyonzo.

Usishangae kwamba nakuandikia karatasi siku hizi ambapo kila mtu anapiga simu. Masikio yangu yamefika mwisho. Mashine za kiwandani, upande wa kuchemshia sukari, zilianza kuyala nikiwa kijana, na sasa ukinipigia nasikia mvumo tu kama wa nyuki. Kusoma bado naweza.

Ulipata habari kwamba tulimpoteza Tyson, mtoto wa Bravin na Lynette, lakini nafikiri ulipata nusu. Alikuwa na miezi minane. Alikuwa anakaa bila kushikwa na alikuwa amejua kunivuta ndevu. Alianza na mafua ya kawaida tu. Sote tulikuwa nayo, mimi mwenyewe nilikuwa napiga chafya nyumba nzima. Kisha kifua chake kikaanza kubonyea ndani kila akivuta pumzi. Lynette hakungoja mtu, akambeba hadi hospitalini. Akawekwa oksijeni, wakamchukua kamasi ya puani kwenda kupima. Daktari akatuambia ni influenza, na imeshuka kwenye mapafu. Alifariki asubuhi, mikononi mwa mama yake. Tumemzika kando ya baba yako.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Ile sauti ya pole uliyomtumia Bravin kwenye simu, aliicheza mbele ya watu baada ya mazishi. Mimi niliambiwa tu yaliyokuwamo. Wanasema ulisema kirusi hiki hushika sukari, na kwamba bila sukari hakiwezi kuingia mwilini. Ni kweli ulisema hivyo? Tangu siku hiyo chai ya nyumba hii inanywewa bila sukari. Hata wageni tunawapa hivyo hivyo, na hii ni Matungu, nchi ya miwa. Mimi niliyechemsha sukari ya watu miaka yote ile nataka kujua.

Lynette hayuko karibu, angekusalimu.

Kaburi la baba yako tulilisafisha tulipokuwa tunachimba la mtoto. Utakuja lini kuliona?

Ni mimi baba yako mdogo,
Phanuel Osundwa


Utrecht,
3 Agosti 2024

Baba mdogo,

Barua yako niliisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni na funguo mkononi. Nakusalimu, na mama mdogo na goti lake, na Bravin. Huku ni majira ya joto na jua linachelewa sana kuzama, sijalizoea. Nimepata duka la Waafrika linalouza unga wa mahindi, kwa hiyo Jumapili napika obusuma, ugali wa kwetu, na kula peke yangu.

Nilisema hivyo, ndiyo. Nilisema kwa haraka, huku nalia, nikatumia neno la kazini kana kwamba nazungumza na wenzangu wa maabara. Sasa nikueleze taratibu.

Mwili umejengwa kwa seli, vitu hai vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kila seli imefunikwa kwa nje na minyororo mifupi ambayo wanakemia huiita sukari. Wanaiita hivyo kwa sababu ya namna ilivyojengwa, si kwa sababu ni tamu. Wewe ni mkulima: muwa, mahindi na sangari zote ni jamii ya nyasi, lakini hakuna anayepeleka sangari kiwandani. Basi kwenye ncha za minyororo hiyo, puani, kooni na kifuani, kuna sukari moja inayoitwa asidi ya sialiki. Kirusi cha influenza kina vishikio vinavyolingana nayo. Kinashika hapo, kisha seli yenyewe inakimeza. Ndivyo kinavyoingia.

Sukari hiyo mwili huitengeneza wenyewe, tangu mtoto akiwa tumboni. Mtu ambaye hajawahi kuonja sukari ya duka anayo, na anayejaza chai yake vijiko hakifungulii kirusi mlango hata mmoja. Wala hatungeweza kuishi bila sukari hiyo, maana ni kwayo seli hutambuana. Hata kamasi tunayoidharau imejaa sukari hiyo hiyo: kirusi hushika kamasi kikidhani kimefika, tukakitoa nje. Nacho kina kitu kama mkasi cha kukata na kujinasua. Mvutano huo uko puani mwetu kila siku, na mara nyingi tunashinda bila kujua. Mtoto mdogo njia zake za hewa ni nyembamba na kinga yake bado inajifunza. Hata maziwa ya mama yana sukari za namna hiyo, lakini hilo nitakueleza siku nyingine, karatasi imekwisha.

Rudisheni sukari kwenye chai, Baba mdogo. Hakuna kitu alichokula Tyson kilichomletea ugonjwa. Mwambie Lynette hivyo, kwa maneno haya haya. Mbona hapokei simu yangu?

Mwanao,
Gentrix Awinja


Matungu,
22 Septemba 2024

Mwanangu Gentrix,

Amani kwako huko uliko. Barua yako niliifuata posta ya Mumias kwa miguu, bodaboda zilikuwa zimeshindwa na tope. Miwa imekatwa hatimaye. Ilikaa kando ya barabara hadi ikaanza kukauka, lakini imekwenda. Bravin hana maneno mengi. Anatoka asubuhi na panga lake, anarudi, analala.

Barua niliisoma mezani tulipomaliza kula, tena kwa sauti, nisije nikaambiwa nimebadilisha kitu. Nilipofika pale uliposema hakuna kitu alichokula mtoto kilichomletea ugonjwa, mama yako mdogo aliinuka akatoka nje na sahani yake. Nilifikiri anawapelekea kuku makombo. Alichelewa kurudi.

Habari ya vishikio nimeielewa. Jambo moja limetutatiza, hilo la maziwa ya mama kuwa na sukari hiyo. Bravin aliniandikia kwenye kipande cha gazeti nirudie kusoma hapo. Nikarudia. Akaandika tena: "Kwa hivyo ilikuwa kwa maziwa." Nikamwambia hapana, Gentrix hajasema hivyo, amesema ataeleza siku nyingine. Alikuwa ameshainuka.

Lynette amekwenda kwao Chekalini, huko Lugari. Wazazi wake wana mahindi ya kuvuna na wanahitaji mikono. Atarudi.

Hukunijibu kuhusu kaburi la baba yako.

Baba yako mdogo,
Phanuel


Utrecht,
19 Oktoba 2024

Baba mdogo,

Salamu kwako na kwa mama mdogo. Mimi ni mzima. Baridi imeanza, na watu wa mji huu wameanza kukohoa kwenye treni, ndio msimu wetu wa kazi. Leo sitaandika mengi.

Kwanza maziwa, kwa sababu nililiacha neno hilo nusu na naona limekwenda mahali pabaya. Maziwa ya mama yana sukari zinazofanana na zile za juu ya seli. Katika maabara tumeona virusi vikizishika zinapoelea, na kirusi kilichoshika maziwa hakina tena cha kushikia kifua. Jambo hili hutokea kwa kiasi gani ndani ya mtoto mwenyewe, bado hatujui, na sitakudanganya kwamba tunajua. Tunalojua ni kwamba maziwa hubeba kinga ya mama, na kwamba watoto wanaonyonya hawalazwi hospitalini kwa kifua mara nyingi kama wasionyonya. Maziwa ya Lynette yalikuwa upande wa Tyson mpaka mwisho. Mwandikie Bravin hivyo kwenye karatasi, kama yeye alivyokuandikia.

La pili. Mahindi ya Lugari huvunwa Novemba. Lynette amekwenda kuvuna nini mwezi wa tisa? Bravin hajibu ujumbe wangu. Simu ya Lynette imezimwa. Kuna nini huko nyumbani?

Na kuhusu baba. Mwaka ule wa korona mlimzika haraka haraka kwa amri, na mimi nilitazama kwenye simu. Picha ikakatika kabla hajashushwa. Kwangu mimi bado hajazikwa, Baba mdogo. Sijui nitasimama vipi hapo. Nipe muda.

Gentrix


Matungu,
12 Januari 2025

Mwanangu Gentrix,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi tulikuwa wachache. Kanisani waliimba vizuri, niliona. Jua ni kali na miwa midogo inajikunja majani.

Nimekaa na barua yako tangu Novemba. Nilianza kukujibu nikaacha, nikaanza tena nikaacha. Kuhusu baba yako, sitakuuliza tena. Kaburi lipo, na mimi nipo.

Uliuliza kuna nini. Lynette hakwenda kuvuna. Aliondoka hapa siku chache tu baada ya mazishi, na ilikuwa hivi. Sauti yako ilipokwisha kuchezwa, watu walianza kuulizana nani alikuwa akimpa mtoto kitu kitamu. Jirani mmoja akasema alimwona Tyson akifyonza kipande cha muwa. Wote wakamgeukia Lynette. Bravin akamwuliza mbele yao kama alimpa. Nilikuwa natazama midomo yake, Gentrix, na haikusogea. Hakukana wala hakukubali. Bravin akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, "Umeniulia mtoto." Mama yako mdogo alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, na yeye hakufungua mdomo. Nami nilinyamaza, nikidhani ni uchungu tu, utapoa.

Haukupoa. Asubuhi moja Lynette akafunga nguo zake, akanipungia mkono kutoka langoni kama mtu anayekwenda sokoni.

Sasa lililonikalisha leo mezani. Alipoondoka alikuwa na mimba na hatukujua. Baba yake, Mathew, amenitumia ujumbe kwamba anatazamiwa kujifungua mwanzoni mwa Februari, na kwamba ameapa hatamnyonyesha mtoto huyu. Ile Septemba Bravin alimwandikia kwamba Gentrix mwenyewe amesema sukari iko kwenye maziwa. Ndiyo maneno ya mwisho waliyoandikiana. Barua yako ya pili nilimpa Bravin aisome. Aliisoma akalia. Lakini Lynette ameshabadilisha namba, na Bravin anaona aibu kwenda.

Mimi si mtu wa kuomba. Niandikie kitu nimpelekee.

Phanuel


Utrecht,
30 Januari 2025

Baba mdogo,

Nilipofika hapo kwenye kunyonyesha nilikaa chini, sakafuni jikoni.

Barua hii haitapita posta. Mwenzetu Kipruto anasafiri kesho kwenda kwao Eldoret, ataiweka kwenye gari la vifurushi hadi Mumias. Wala sitaisema kwenye simu ya mtu yeyote. Sauti yangu ilishapita kwenye simu mara moja, ukaona ilivyofika. Mpelekee Lynette mwenyewe, tafadhali, na umwache asome mwenyewe.

Niandikie ukirudi, hata mistari miwili.

Gentrix

*

Wifi yangu Lynette,

Hujambo, na hajambo wa tumboni au wa mikononi, kama ameshafika. Wasalimie baba na mama.

Niliyesema neno "sukari" ni mimi, kwa hiyo nisikilize mimi, usimsikilize aliyelibeba. Ile sukari ambayo kirusi hushika si ya muwa, si ya duka, wala haitoki kwenye chakula. Tyson alizaliwa nayo. Wewe unayo, mimi ninayo, daktari aliyemtibu anayo. Hakuna mama anayeweza kumpa mtoto wake sukari hiyo wala kumnyima.

Kirusi chenyewe kilikuwa kwenye pua za watu wote pale nyumbani wiki ile. Kingeweza kutoka kwa yeyote, na hakuna aliyekituma. Ulipomwona anavuta pumzi kwa shida ulimpeleka hospitalini bila kungoja. Mtu anaweza kufanya yote yanayofaa na bado mtoto akaondoka. Hilo ndilo gumu kuliko yote, na katika vitabu vyangu vyote sijaona maneno yake.

Maziwa yako hayakumdhuru. Sukari zilizomo humo ni msaada, na kinga iliyomo humo ni yako unayompa. Mnyonyeshe mtoto huyu. Ukipatwa na mafua, nawa mikono, jifunike pua na mdomo, na uendelee kumnyonyesha. Ukiona kifua kinabonyea, nenda hospitalini kama ulivyokwenda.

Sikuandikii urudi popote. Hilo ni lako.

Wifi yako,
Gentrix


Matungu,
9 Machi 2025

Mwanangu Gentrix,

Nakusalimu. Mvua imeanza kunukia na watu wanapanda. Mistari miwili haitatosha.

Nilifika Chekalini mchana. Mathew alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akanipa kiti na maziwa lala. Lynette alikuwa nyuma ya jiko, mtoto mgongoni. Ni msichana, jina lake Beverlyne. Kwenye kigoda palikuwa na chupa ya maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa na maji. Mtoto ni mwembamba, Gentrix. Shingo yake ingezungukwa na vidole vyangu viwili.

Nilimpa barua. Aliisoma amesimama, akarudi mwanzo akaisoma tena. Kisha akaja kukaa upande wa sikio langu la kulia, ambalo bado lina uhai kidogo, akainama karibu.

"Baba, ule muwa si mimi nilimpa."

"Nani basi?"

Alimrekebisha mtoto mgongoni kwanza.

"Nilikuwa nimeenda kupalilia. Mama yake Bravin ndiye alibaki naye. Alikuwa analia, meno yanatoka, mama akampa kipande afyonze. Hata si vibaya, baba. Watu wote hufanyanga hivyo."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ningesema nini? Nilimwona mama vile alikuwa amekaa kwa mkeka. Nami niliamini kama wao, ati sukari ndiyo imemuua. Nikaona, hii mimi naweza kuishi nayo. Yeye hataweza."

Nilitazama chini. Akanigusa mkono ili nimtazame tena.

"Wewe husikii, baba. Mama alikuwa analia usiku, mpaka nasikia kutoka nyumba yetu. Nilidhani unajua."

Gentrix, nimelala kando ya mwanamke huyu miezi yote hii. Nilikuwa naona macho yake yamevimba asubuhi, nikasema ni moshi wa jiko.

Mama yake Lynette aliniambia kwamba kila siku binti yake huenda nyuma ya migomba, akayakamua maziwa yake na kuyamwaga chini kwa sababu yanamwuma. Ndiyo maana hayajakauka. Siku hiyo alimfungua mtoto mgongoni akaingia naye ndani. Tulikaa nje na Mathew. Baadaye akatoka, mtoto akilia. Alikuwa amekataa titi, amezoea chupa. Nililala huko, na asubuhi wakati naondoka Lynette alikuwa bado anajaribu. Alikuwa amejiinamia kitandani na nywele zimemfunika uso.

Nilimwuliza kama atarudi Matungu. Alisema, "Sirudi, baba. Bravin akitaka kumwona mtoto, njia anaijua."

Sasa niko nyumbani, na mama yako mdogo anapita hapa mbele yangu akibeba maji. Anajua nilikokwenda na hajaniuliza neno. Nami sijui nianzie wapi.

Phanuel


Utrecht,
5 Aprili 2025

Baba mdogo,

Nakusalimu, na namsalimu mama mdogo hasa. Hapa maua yameanza kuchomoza. Sina habari nyingine ya kukuambia, nimekuwa nikiwaza hiyo yako.

Siku ile mama mdogo alipotoka nje na sahani, alikuwa amelisikia jibu ambalo hakuna mtu aliyejua kwamba analihitaji. Halafu hakuwa na mahali pa kulipeleka. Usimsomee barua hii mezani. Kaa naye mahali mnapokaa wawili, na umwambie kabla hajaanza kujieleza: kipande cha muwa hakimpi mtoto influenza, hakiifanyi iwe kali, hakina sehemu yoyote katika kifo chake. Nimeyasoma mambo haya miaka mingi na ningeweza kuyasema mbele ya mahakama.

Watoto waliozoea chupa mara nyingine huchukua siku nyingi kurudi kwenye titi. Mwambie Mathew wampeleke Lynette kwa muuguzi wa kliniki amsaidie, asihangaike peke yake.

Nimemwandikia Bravin pia. Sikumgombeza. Nilianza mara nyingi kumgombeza, nikachana.

Mwanao,
Gentrix


Matungu,
15 Juni 2025

Mwanangu Gentrix,

Tunakusalimu kutoka kwenye baridi ile ile. Mwaka umezunguka. Watu wa hapa wanakohoa tena, na kila nikimwona mtu akijipangusa pua naangalia pembeni. Goti la mama yako mdogo limepoa kidogo. Bravin amekwenda Chekalini mara kadhaa. Lynette humtolea kiti na kumpa mtoto amshike. Wanaongea habari za mtoto tu, halafu anarudi.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilimkuta mama yako mdogo nyuma ya nyumba akichambua mrenda, nikakaa karibu naye. Nikamwambia, Lynette ameniambia habari ya muwa. Mikono yake ikasimama. Nikamwambia haraka, haukuwa muwa, Gentrix anasema yuko tayari kuapa. Alinitazama usoni ili nione vizuri maneno yake.

"Nilisikia siku ile ulisoma mezani. Najua si muwa."

"Basi mbona hukusema?"

"Niseme nini tena? Nilikaa kwa mkeka nikaacha mtoto wa watu aende. Hiyo haiko kwa barua ya Gentrix."

 Nilimsaidia kuchambua mboga, na ninavyojua mimi nilizichambua vibaya, lakini hakuzirudia.

Baada ya siku nyingi akasema anataka kwenda Chekalini. Tulikwenda Jumamosi iliyopita, wawili tu. Njiani hakula kitu. Tulipofika langoni alisimama na goti lake, akashindwa kuingia, ikabidi Lynette aje mpaka pale. Walisimama. Mama yako mdogo alianza kusema, niliona midomo yake ikifika katikati ya neno na kurudi. Lynette akasema kitu kifupi. Nilimwuliza mama yako mdogo baadaye, akaniambia Lynette alisema, "Najua, mama. Ingia ndani, kuna baridi."

Walituletea chai, na ilikuwa na sukari. Mama yako mdogo alikishika kikombe kizima bila kunywa. Mtoto amenenepa. Muuguzi aliwasaidia, na sasa ananyonya, chupa wameiweka kando. Ana macho ya Tyson. 

Kisha, tukiwa tumekaa hivyo, niliona Lynette amegeuka ghafla, na mama yako mdogo amegeuka, wote wakimtazama mtoto. Alikuwa amekohoa. Mimi sikukisikia kikohozi, nilikiona kwenye nyuso zao. Lynette alimfungua nguo kifuani akaangalia ngozi inavyopanda na kushuka. Mama yako mdogo alishuka kwenye kiti akapiga magoti sakafuni, kwa goti hilo, akaweka kiganja chake hapo. Wakakaa hivyo muda mrefu, vichwa vyao vikigusana. Kifua hakikubonyea. Lynette akamweka mtoto titini, na mkono wa mama yako mdogo ukabaki pale pale mgongoni mwa mtoto, na Lynette hakuuondoa.

Alinyonya mpaka akalala. Hakuna kati yetu aliyesogea, tulikuwa tunamwangalia anavyopumua.

Jioni tulirudi Matungu tukiwa wawili kama tulivyokwenda. Lynette alitusindikiza hadi barabarani na hakusema atakuja, na mama yako mdogo hakumwomba.

Ni mimi baba yako mdogo anayekukumbuka,
Phanuel Osundwa